Fundi kakosea bafuni, anataka nimalizie hela kwanza

Jamani naombeni ushauri. Fundi kanipigia tailizi bafuni, sasa maji hayaendi kwenye tundu yanatuama kona ya mlango, na ukigonga kwa kidole zinalia kama debe tupu. Nikimpigia anasema nimalizie kwanza hela iliyobaki ndo aje kurekebisha. Nimlipe?

JIBU 1
Usimalizie ndugu yangu, hiyo hela ndo kamba pekee uliyomshikia. Kulia hivyo mara nyingi ni saruji haikujaa chini, zinaweza kubanduka. Na maji kutuama ni mteremko hakuna, hapo hamna kiraka, sakafu inavunjwa.

JIBU 2
Ila usivunje kwanza! Mwaga ndoo ya maji urekodi video yanavyosimama, afu mwandikie meseji, taja kasoro moja moja umpe na siku, tuseme wiki mbili. Ita fundi mwingine akague aandike alichoona. Mimi niliharakisha kubomoa, tulipofika kwenye usuluhishi sikuwa na cha kuonyesha, iliniuma sana.

MUULIZAJI
Asanteni. Tatizo tulielewana kwa mdomo tu.

JIBU 1
Meseji za kumtumia hela unazo? Zitunze zote, hizo zinasaidia kuonyesha mlikubaliana kazi.