Ua la uzioni kwa Bibi

*Shangazi Mwanaidi:* Assalaam alaykum ndugu zangu. Tazameni ua lililochanua uzioni kwa Bibi hapa Muheza, jekundu na njano kama moto. Juma kalichimba, chini kuna kiazi!

*Subira:* Waalaykum salaam shangazi, shikamoo. Kuna aliyekionja?

*Shangazi Mwanaidi:* Marahaba. Bado. Bibi anasema ni kiazi kikuu cha porini.

*Subira:* Kisiingie jikoni, tafadhali! Kina umbo gani?

*Juma:* Kama herufi V dada.

*Subira:* Na ncha za majani?

*Juma:* Zimejiviringa, zimeng'ang'ania waya wa uzio.

*Subira:* Basi ni gloriosa. Kiazi kikuu hutambaa kwa shina lake, hakishiki kwa ncha za majani. Halafu angalia picha: petali sita zimepinduka juu, kingo zina mawimbi, na kile kijiti cha katikati kimekunjika kama kiwiko.

*Kaka Salimu:* Si ndilo ua la taifa la Zimbabwe?

*Subira:* Ndilo, kaka. Lina sumu ya kolkisini mmea mzima, ila kiazi na mbegu ndiyo balaa. Hata ukichemsha haitoki. Mtu hula, saa kadhaa zikapita, ndipo aanze kutapika na kuharisha. Nyumbani mtadhani kala chakula kilichochacha, kumbe sumu inaelekea kwenye figo, moyo na uboho. Akionja mtu, hospitali hapo hapo, msingoje atapike.

*Baba Mdogo:* Kolkisini? Si vidonge vyangu vya gauti hivyo?

*Subira:* Ndiyo ba mdogo. Kidonge kimoja nusu miligramu tu. Ndiyo maana daktari alikukataza kujiongezea.

*Shangazi Mwanaidi:* Bibi anauliza, mwaka jana si alilikata?

*Subira:* Alikata shina, shangazi. Kiangazi juu hukauka, kiazi kinabaki hai ardhini kikingoja masika. Kichimbeni chote mkitumbukize chooni, si jaani. Mbuzi wa Bibi wamefungwa wapi?

*Shangazi Mwanaidi:* Kwenye mwembe, mbali. Roho imenidunda mwanangu, sufuria lilishabandikwa.

*Subira:* Alhamdulillahi. Juma, nawa mikono kwa sabuni kwanza.

*Juma:* Nimenawa. Ila dada, mkono mmoja wa ile V umekatikia ardhini.

*Subira:* Urudie huo. Chipukizi la mwakani hutokea kwenye ncha.

*Juma:* Nachukua jembe.