Ekari 4 zimebaki kipara, mvua haba: nyasi gani za malisho, na nianzie wapi?

Malisho_Mapya:
Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii. Kuna kipande cha ekari 4 nataka kiwe malisho ya ng'ombe 5 na mbuzi 20. Mvua ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, zote katika msimu mmoja. Udongo ni mwekundu wa tifutifu, juu una gamba gumu. Hata mvua kubwa ikinyesha, ukichimba sentimita 10 unakuta vumbi. Mteremko ni mdogo, kuna korongo changa upande wa chini na vichaka vya miiba hapa na pale. Nafikiria kulima lote kwa trekta na kupanda matete. Nianze vipi?

Fundi_Kontua:
Mkuu, kwanza weka matete pembeni. Yanataka mvua ya milimita 1,000 na kuendelea au umwagiliaji. Kwa 500 yatakudhalilisha.

Pili, maelezo yako yenyewe yanaonyesha ugonjwa ulipo: mvua inanyesha lakini haiingii. Mbegu yoyote utakayorusha juu ya gamba hilo itasombwa hadi kwenye korongo, au itaota kwa unyevu wa siku tatu kisha ife. Kazi ya kwanza ni kuyasimamisha maji. Mbegu inafuata.

Kabla ya kushika jembe, fanya kipimo hiki. Chukua bonge la udongo mkavu la ukubwa wa punje ya mahindi, litumbukize taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge, acha hadi kesho yake. Likimomonyoka lakini maji yakabaki maangavu, udongo umepungukiwa mboji tu, na nyasi zenyewe zitaurekebisha. Maji yakigeuka kama maziwa kuzunguka bonge, kuna sodiamu nyingi. Hapo usituamishe maji nyuma ya matuta, kwa sababu udongo wa namna hiyo unayeyuka kwa ndani, unatoboka mashimo ya chinichini na tuta linabomoka. Dawa yake ni jasi, na huhitajika kwa tani, si kwa kilo, kwa hiyo pima maabara kwanza.

Chukua vipimo sehemu tatu au nne tofauti. Shamba la ekari 4 linaweza kuwa na udongo wa aina mbili.

Malisho_Mapya:
Asante sana mkuu. Nimefanya kipimo sehemu nne. Bonge linamomonyoka, maji yanabaki maangavu kote. Sasa maji nayasimamishaje?

Fundi_Kontua:
Vizuri, basi nusu mwezi zinakufaa, yaani mashimo ya nusu duara ya kudaka maji. Tengeneza fremu ya A ya kupimia usawa: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa juu, mmoja wa kuikatiza katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa mti wa katikati, kisha ibadilishe miguu mahali pale pale uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Bila hivyo utachimba kwa kukisia, na maji hayakisii.

Kila nusu mwezi iwe na kipenyo cha mita 4, kina cha sentimita 15 hadi 20, mdomo ukitazama juu ya mteremko na udongo uliochimbwa ukipangwa upande wa chini kama tuta. Ncha zake mbili zikae kwenye mstari mmoja wa kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko. Acha mita 4 kati ya shimo na shimo katika mstari, na mita 4 kutoka mstari hadi mstari. Kwa nafasi hizo kila hekta inachukua kama 312, yaani karibu 125 kwa ekari. Mstari wa pili upishane na wa kwanza, ili maji yanayomwagika kwenye ncha yadakwe na shimo la chini.

Kosa linaloua kazi hii ni kuweka tuta legevu. Lishindilie kwa miguu kila sentimita 10 unazopandisha. Tuta moja likipasuka kwenye mvua ya kwanza, maji yake yanabomoa la chini yake, na hilo linabomoa lingine.

Korongo usilisahau. Linakua kwa kula kichwa chake kwenda juu, kwa hiyo chepusha maji yanayoingia kichwani, kisha weka vizuizi vya mawe au matawi ndani yake, katikati ya kizuizi pakiwa chini kuliko pembeni. Kizuizi chenye katikati iliyoinuka husukuma maji pembeni na kulipanua korongo.

Trekta kwa shamba zima sikushauri. Ukilifungua lote halafu mvua ikachelewa, umepoteza hata kile kidogo kilichokuwa kimeshika udongo. Anza na ekari moja, ile ya juu.

Bi_Majani:
Naungana na Fundi. Mimi nije kwenye aina.

Kwa tifutifu jekundu na mvua hiyo, uti wa mgongo uwe Cenchrus ciliaris, nyasi yenye mkia kama wa mbweha. Mizizi yake inakwenda chini sana na inavumilia kuliwa, ila haipendi maji yanayotuama wala udongo wenye asidi kali. Changanya na Eragrostis superba pamoja na Enteropogon macrostachyus. Hii ya mwisho huota haraka kuliko wenzake, kwa hiyo inafunika udongo wakati wengine bado wanajivuta. Mchanganyiko ni muhimu kwa sababu msimu mmoja hautakuwa sawa na mwingine, na mbegu za aina moja zikigoma zile nyingine zinaokoa kazi.

Rhodes, yaani Chloris gayana, inatambaa na kufunika vizuri na inavumilia chumvi kiasi, lakini kwa milimita 500 itakuwa ya kubahatisha. Iweke ndani ya nusu mwezi tu, ambako maji yanakusanyika. Brachiaria iache hadi uwe na mvua zaidi.

Tahadhari moja ambayo wengi hawaisemi: Cenchrus ciliaris nje ya maeneo yake ya asili imekuwa balaa. Australia, na katika jangwa la Sonora huko Marekani na Meksiko, imevamia uoto wa asili na kuleta mioto mikali. Kama eneo lako si la asili yake, uliza kwanza kama inaruhusiwa. Na kama una farasi au punda, usiwalishe hiyo peke yake kwa miezi mingi, kwa sababu ina oksalati, kemikali inayofunga kalsiamu.

Malisho_Mapya:
Mbegu kiasi gani kwa ekari, bi? Kila mtu ana jibu lake.

Bi_Majani:
Kila mtu ana jibu lake kwa sababu wanapima mbegu kwa mizani peke yake. Mbegu za nyasi hizi zina makapi mengi. Unaweza kununua kilo 5 ukawa umenunua kilo moja ya uhai.

Hesabu mbegu 100 zilizochukuliwa bila kuchagua, zitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu, zifunike, zikae mahali penye joto, uhesabu zilizoota kwa siku 14. Kisha angalia usafi: katika gramu 10 za mfuko, gramu ngapi ni mbegu na ngapi ni vijiti na makapi? Lenga gramu 800 za mbegu hai kwa ekari. Gawanya kwa usafi mara uotaji. Usafi ukiwa asilimia 60 na uotaji asilimia 40, unapata 0.24, hivyo 0.8 gawanya kwa 0.24 ni kama kilo 3.3 kwa ekari. Uotaji ukishuka hadi asilimia 20, unahitaji kilo 6.7. Ukipanda ndani ya nusu mwezi pekee, eneo lenyewe ni karibu moja ya tano ya ekari, na mbegu zinapungua vivyo hivyo.

Jambo lingine: Cenchrus iliyovunwa juzi inaweza kukataa kuota ingawa ni nzima. Imelala. Ihifadhi pakavu miezi 6 hadi 12 kabla ya kuipanda. Watu wengi hutupa lawama kwa muuzaji kumbe mbegu haijaamka.

Plau_na_Haro:
Nikubaliane nanyi kuhusu nusu mwezi, lakini kwa ekari 4 kazi ya mikono ni kubwa. Sehemu zenye mteremko mdogo kabisa zinaweza kupitishwa jembe la kukokotwa na ng'ombe kufuata kontua, mifereji ya kina cha sentimita 15 hadi 20, ukiacha vipande visivyolimwa katikati. Gamba linavunjika na maji yanapata pa kuingia. Ila ukikosea kontua, kila mfereji unakuwa mto mdogo.

Kuhusu kupanda: mbegu hizi ni nyepesi na zina manyoya, zinashikana na kupeperushwa. Changanya sehemu moja ya mbegu na tatu za mchanga mkavu kwa ujazo, koroga kila mara maana mchanga unazama chini. Panda wiki moja au mbili kabla ya mvua inayotegemewa. Ukipanda mapema mno, sisimizi na ndege wanamaliza.

Kina ndicho kinachoharibu zaidi. Mbegu isizidi sentimita 1, na 2 kwenye mchanga. Usifukie kwa jembe. Buruta tawi la miiba juu yake kisha kanyaga kwa miguu ili ishikane na udongo. Panda pembeni mwa shimo na kwenye mteremko wa ndani wa tuta, si chini kabisa ambako tope litaizika.

Samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kila nusu mwezi. Isiyooza inaleta magugu. Urea usiweke wakati wa kupanda, utalisha magugu tu. Subiri nyasi zishike.

Malisho_Mapya:
Na zikishaota? Mbuzi wa majirani hawajui mpaka.

Mlinzi_wa_Malisho:
Ndugu, hapo ndipo mashamba mengi yanapofia. Mche wa nyasi huanza na mzizi mmoja mwembamba. Mizizi ya kudumu hutoka kwenye kitako cha shina, karibu na uso wa udongo, na hutoka tu uso huo ukibaki na unyevu kwa siku kadhaa mfululizo. Kwa hiyo mche unaweza kuonekana kijani, una urefu wa kiganja, na bado umesimama kwa uzi mmoja. Mbuzi akiuvuta, unatoka wote.

Msimu wa kwanza asiingie mnyama hata mmoja. Weka uzio wa miiba kabla ya kupanda, si baada ya kuona kijani. Vichaka ulivyonavyo ndivyo vya kukata kwa kazi hiyo, ila usikate vyote: acha miti mikubwa yenye kivuli, na matawi mengine yalaze juu ya vipara vigumu zaidi. Yananasa mbegu na udongo, yanapunguza jua kwa miche na kuwazuia mbuzi.

Palilia kwa mkono wiki ya 3 hadi ya 4, ukishaweza kutofautisha nyasi na magugu. Magugu marefu yafyeke juu ya kimo cha nyasi badala ya kung'oa, maana kung'oa gugu kubwa kunabeba miche ya jirani. Kagua asubuhi na jioni kama kuna viwavijeshi, hasa mvua inapofuata ukame. Wakiwa wadogo wanadhibitika. Wakishakuwa weusi na wanatembea kwa kundi, umeshachelewa.

Nyasi zikishaangusha mbegu, kata kwa sentimita 10 kutoka ardhini ufanye hei, yaani nyasi kavu za akiba. Msimu wa pili, kabla ya kufungulia mifugo, shika shina moja na ulivute kwa nguvu kama ng'ombe anavyong'oa. Jani likikatika, tayari. Mzizi ukitoka, subiri. Ingiza ng'ombe kwanza zikiwa na sentimita 30, toa zikifika 12. Mbuzi waje baadaye.

Bi_Majani:
Niongeze kidogo: jamii ya mikunde, kama Stylosanthes scabra, inaongeza protini, lakini iingize baada ya nyasi kushika. Mbegu yake ina ganda gumu, isugue kwa msasa kabla ya kupanda.

Hesabu_za_Malisho:
Mkuu, kuna jambo halijaguswa, nalo ni idadi ya mifugo. Tuchukulie malisho yameshika na msimu ni mzuri: tani 3 za majani makavu kwa hekta. Ekari 4 ni hekta 1.6, kwa hiyo tani 4.8. Nusu lazima ibaki shambani kulinda shina na udongo, zinabaki kilo 2,400. Ng'ombe wa kilo 250 hula takriban asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6.25 kwa siku, watano ni kama 31. Mbuzi wa kilo 30 hula karibu kilo 0.9, ishirini ni 18. Jumla kilo 49 kwa siku. Kilo 2,400 zinaisha kwa siku 49.

Kwa hiyo usiliite shamba la kulishia mwaka mzima. Lifanye ghala la kiangazi: kata hei, ihifadhi kivulini, uwape ng'ombe wanaonyonyesha na ndama wiki zile mbaya. Mifugo mingine iendelee kwingine. Ukiwafungia wote humo, kipara kitarudi ndani ya misimu miwili.

Malisho_Mapya:
Hesabu hiyo imenifungua macho. Basi naanza na ekari ya juu, nusu mwezi 125, na uzio kwanza. Swali la mwisho: naweza kuvuna mbegu zangu kwa ekari zinazobaki?

Bi_Majani:
Unaweza, na ndiyo njia nafuu. Vuna kwa kupitisha mkono juu ya suke kuelekea kileleni: mbegu zikiachia zenyewe bila nguvu zimekomaa, ukilazimika kuvuta bado. Cenchrus haikomai kwa pamoja, kwa hiyo rudia kila baada ya siku chache. Usivune zote, acha angalau nusu zianguke. Anika kivulini kwenye turubai, si juani, ukigeuza kila siku hadi zikauke. Weka kwenye mifuko ya nguo au gunia, si ya plastiki, uinue kutoka sakafuni. Andika aina na mwezi wa kuvuna, na urudie kile kipimo cha mbegu 100 kabla ya kupanda.

Plau_na_Haro:
Weka na paka karibu na ghala hilo. Panya wanapenda mbegu za nyasi.