Kutoka Moshi hadi Pangani na Bagamoyo kwa gari: tupite wapi, na tuache mji upi?

Mama wa Kiboriloni
Habari zenu, ndugu zangu. Shule zikifungwa mwezi wa sita, mimi na mume wangu tunakusudia kuwapeleka watoto Tanga, Pangani na Bagamoyo kwa gari letu dogo, kwa sababu historia ya pwani wameikariri kwa ajili ya mtihani tu. Ningependa kufahamu kama inafaa kuambaa na pwani kutoka Pangani kupitia Saadani mpaka Bagamoyo, au ni afadhali turudi Segera na kushika barabara kuu. Aidha, ikiwa muda hautatosha, ni mji upi tuuache?

Mzee wa Rau
Dada, mimi ningeiacha Bagamoyo, ingawa najua wapo watakaonipinga. Maji yanayoshuka Kilimanjaro na Meru hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakatoka hapo yakiwa mto Pangani, na mto huo huingia baharini pale pale mjini Pangani. Kwa hiyo watoto wenu watakuwa wanayafuata maji ya nyumbani kwao. Reli nayo, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911, inakwenda upande mmoja na barabara kwa sehemu kubwa ya safari. Mkifika Korogwe na Muheza mtaona mkonge, zao ambalo Richard Hindorf aliliingiza nchini mwaka huo huo wa 1893, na mashamba yake ya mwanzo yalikuwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Baada ya Tanga, msikose kusimama Tongoni. Pana magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40 ya Waswahili wa kale, baadhi yakiwa na nguzo ambazo zamani zilipambwa kwa vyombo vya kaure kutoka ng'ambo. Nguzo nyingi zimeanguka, na jambo hilo linanisikitisha kila ninapolifikiria, lakini mtunzaji akiwepo atawaeleza vizuri kuliko kitabu cha shule. Vasco da Gama alifika maeneo hayo mwaka 1498, akapita tena 1499.

Pangani kwenyewe tembeeni kwa miguu. Abushiri bin Salim, aliyeongoza mapambano ya watu wa pwani dhidi ya Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1888, alinyongwa katika mji huo Desemba 1889. Somo hilo halihitaji kukaririwa ukiwa umesimama mahali lilipotokea.

Dereva wa Majengo
Shikamoo, Mzee wa Rau. Nakubaliana nawe kuhusu Tongoni, ila swali la gari halijajibiwa. Dada, barabara ya pwani imekuwa ikijengwa kwa lami kwa awamu, na mwezi wa sita masika yanakuwa yamekwisha karibuni tu. Gari lililo chini lisijaribu njia ya Saadani kabla hujawauliza madereva wa Pangani waliopita wiki hiyo hiyo. Njia ya uhakika ni kurudi Segera, kushuka kuelekea Chalinze, kisha kukata kushoto Msata, ambako lami inakufikisha Bagamoyo. Ni mzunguko mrefu, lakini hukwami. Na kwenye vijiji vya Same na Mombo usizidi kilomita 50 kwa saa, kwani trafiki hawakosekani.

Binti Pangani, Arusha
Mzee wangu, kwa heshima zote, Bagamoyo si ya kuachwa kirahisi hivyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni huko mwaka 1868 ndio waliokuja baadaye kuanzisha misheni ya Kilema, hapo jirani yenu, na misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka bara ilikuwa ikiishia Bagamoyo. Hata hivyo, mji huo unafikika kwa urahisi mtu akiwa Dar es Salaam, kwa hiyo naona haidhuru ukisubiri safari nyingine ya kuwatembelea ndugu wa huko.

Mkibaki Pangani, laleni usiku mbili, mwende kisiwa cha Maziwe, ambacho ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Mpangeni nahodha mapema na mumwulize saa za maji kupwa, maana mkichelewa mtakuta bahari tupu.

Mama wa Kiboriloni
Nawashukuru sana, na shikamoo Mzee. Tumeamua kuishia Pangani. Je, mapango ya Amboni tuyaone siku ile ile tutakayofika Tanga?

Dereva wa Majengo
Hapana, dada. Kutoka Moshi hadi Tanga ni kama kilomita 350, watoto watafika wamechoka. Laleni mjini, muende Amboni asubuhi, kwa kuwa ni kaskazini ya Tanga, ndipo mgeuze kuelekea Tongoni na Pangani.