Mbwa wa jirani ameharibu gari Malindi, nami niko Uingereza: fidia nadai vipi?

Assalamu alaykum jamaa. Gari liko kwa mama, Ngala, Malindi. Logbuku (hati ya umiliki wa gari) ina jina langu, bima ni ya thadi pati tu. Usiku mbwa wa jirani alimkimbiza paka, paka akajificha kwenye injini. Mbwa ametafuna bampa la mbele, amekwaruza fenda, na kuna waya unaning'inia karibu na tairi. Jirani asema mbwa ni mnyama, hana akili, kwa hivyo hakuna wa kulipa. Naanzia wapi?

*

Waalaykumu salaam dada. Bima yako haitakusaidia hapo, thadi pati hailipi uharibifu wa gari lako mwenyewe. Ila mwulizeni jirani kama nyumba yake ina bima. Nyingi za nyumba zina kipengele cha madhara kwa watu wengine, na hapo hatoi mfukoni.

Jirani amesema nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaangusha wengi. Kenya mwenye mbwa halipi kwa kuwa tu mbwa ni wake. Uonyeshe moja kati ya mawili: alijua mbwa wake ana tabia hiyo akamwachilia, au alizembea kumfungia, mathalani lango halifungi au ua una tundu. Kwa hivyo picha za bampa peke yake hazikufikishi mbali. Tafuta ujumbe wowote wa zamani ambao mama au jirani mwingine alimpelekea kulalamika. Tafuta shahidi aliyemwona mbwa akifunguliwa usiku. Pigeni picha lango na ua leo, kabla havijatengenezwa. Kama hapajawahi kuwa na malalamiko ya maandishi, mama aandike sasa, kwa adabu na kwa tarehe. Likitokea la pili hataweza kusema hakujua.

Gari lisioshwe kwanza. Picha ya gari zima na namba ya usajili, kisha kila sehemu iliyoumia, kisha karibu kabisa ukiweka rula au sarafu pembeni. Alama za meno, manyoya yaliyonasa, nyayo za mbwa kwenye vumbi la boneti, zote zina thamani. Mama akikutumia kwa WhatsApp, atume kama faili ya dokumenti, maana picha ya kawaida hubanwa na kupoteza saa na tarehe. Kamera ya jirani ikiwa iliona, ombeni nakala wiki hii hii. Mashine hizo hujifuta zenyewe zikijaa. Aliyenakili aandike na kusaini cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi.

Halafu polisi. Watasema haya ni madai, si jinai, na hawakosei, kwa sababu kosa la kuharibu mali linataka kusudi. Usibishane nao. Omba tukio liandikwe tu kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, mpewe namba. Mzee wa mtaa naye aje aone gari kwa macho yake, maana mambo mengi ya Malindi huishia kwake, na yasipoisha yeye ni shahidi mzuri.

Barua ya madai iwe ukurasa mmoja: tarehe, kilichotokea, kwa nini unasema ni uzembe wake, kiasi, na siku 14 za kujibu. Asipojibu, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya uharibifu wa mali yasiyozidi shilingi 1,000,000, hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 60 tangu kufungua, na Kiswahili kinaruhusiwa. Ulizeni kwenye masjala ya Mahakama za Malindi mfungue wapi. Kesi hufunguliwa mtandaoni, hata kutoka huko. Mama aweza kukuwakilisha, lakini umwandikie idhini yenye jina lake na kesi yenyewe. Logbuku kuwa kwa jina lako ni nafuu kubwa: aliyeandikishwa ndiye anayehesabiwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Una miaka 3 ya kufungua, ila mashahidi husahau mapema zaidi.

*

Ndugu yangu hapo juu amemaliza ya sheria. Niongeze ya bodi ya gari, kwa sababu kiasi kisichoelezeka ndicho kinachokatwa.

Waya ndio wa kwanza. Gari lisiendeshwe mpaka ufungwe mbali na tairi. Pale mara nyingi hupita waya wa sensa ya ABS (mfumo wa breki unaozuia tairi kujifunga) au wa taa ya ukungu. Taa ya ABS ikiwaka, fundi wa umeme asome kompyuta ya gari na achapishe namba za hitilafu. Plastiki ya ndani ya fenda pia huraruliwa mbwa akimtafuta paka, na watu huisahau kwenye hesabu.

Mkwaruzo umwagieni maji. Ukipotea ukiwa umelowa, haujapita klia (tabaka angavu la juu ya rangi), na kuusugua kwa kampaundi, dawa ya kung'arisha, kwatosha. Ukipitisha ukucha wako ukanasa, ni kupaka rangi. Bati likionekana msingoje kesi: hewa ya chumvi ya Malindi italipiga kutu upesi, na jirani atasema mliacha hasara ikue. Pigeni picha, pakeni praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), wekeni risiti.

Kama ni Toyota, angalieni namba ya rangi kwenye kibati, palipoandikwa C/TR. Nyeupe 040 ni ya kawaida. 070 ni ya lulu: rangi ya chini, kisha lulu, kisha klia, na fundi lazima aififishe, yaani aipunguze kidogo kidogo, hadi kwenye mlango, la sivyo fenda litaonekana la gari jingine. Hayo yaandikwe kwenye makadirio, mstari kwa mstari. Bampa lililovunjika vishikizo, tafuteni la mtumba kutoka Japani lenye rangi ileile. Gari la miaka kumi kudaiwa bampa jipya la dukani kunakaribisha ubishi bure.

*

Makadirio ya fundi peke yake ni dhaifu. Lipia asesa wa magari, yaani mkadiriaji wa hasara, aandike ripoti, na ada yake uidai pia kwa risiti. Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2010, kesi ya Nkuene Dairy Farmers, kwamba si lazima uwe umeshatengeneza. Onyesha ukubwa wa uharibifu na gharama ya kurudisha gari lilivyokuwa. Kila shilingi itajwe kwenye madai tangu mwanzo. Teksi za mama za siku gari lilipolala nazo ni hivyo hivyo, na risiti zake.

Na tafadhali, asiguswe mbwa kwa sumu wala marungu. Ukatili kwa mnyama ni kosa, na hapo washtakiwa mtageuka kuwa ninyi.

*

Shukran sana. Nyumba ni ya mtu aliye nje, mbwa analishwa na askari wa lango. Nimdai nani?

*

Anayemfuga na kuamuru afunguliwe. Askari ni mkono tu, mchukueni kama shahidi akikubali. Barua iende kwa mwenye nyumba, nakala kwa msimamizi wake wa Malindi. Wakikubali kulipa kwa awamu, andikeni tarehe na kiasi cha kila awamu, malipo yapitie M-Pesa, na msisaini kwamba yameisha kabla fundi wa umeme hajamaliza kukagua.