Nikisimama presha inashuka na moyo unaenda mbio: nianzie wapi?

Mwalimu wa Buruburu ameuliza:

Hamjambo, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nairobi, mwenye umri wa miaka 34. Tangu muhula uliopita, kila ninapoinuka kitandani au kitini macho huniingia giza, masikio huvuma na moyo hudunda kwa kasi hadi nauhisi kooni. Kwenye gwaride la asubuhi, ambapo sote husimama wima hadi bendera ipande na matangazo yaishe, hulazimika kuegemea ukuta, na juzi nilianguka mbele ya wanafunzi wangu.

Katika kliniki niliyokwenda nilipimwa nikiwa nimeketi, nikaambiwa kwamba presha iko sawa na kwamba nipunguze wasiwasi. Sikuridhika, kwa hiyo niliazima kipima presha cha jirani. Nikiwa nimelala kilionyesha 118/76 na mapigo 72. Baada ya kusimama dakika tatu kilionyesha 94/66 na mapigo 112. Situmii dawa yoyote. Labda nitaje pia kwamba hedhi yangu imekuwa nzito siku hizi, na kwamba chakula changu cha mchana shuleni ni githeri na kikombe cha chai. Je, huu ni ugonjwa wa moyo? Na mtu ambaye kazi yake ni ya kusimama anaishije na hali hii?

Muuguzi Mstaafu amejibu:

Pole sana, binti yangu. Umefanya vyema kupima ukiwa umelala na kisha ukiwa umesimama, kwa maana tatizo hili hujificha mgonjwa akipimwa ameketi. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, au ile ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama, madaktari huihesabu kuwa presha inayoshuka kwa kusimama. Yako imeshuka kwa 24 juu na 10 chini, basi usikubali tena kuambiwa ni wasiwasi tu.

Mtu anaposimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremkia miguuni na tumboni, na mishipa hutakiwa kujikaza papo hapo ili ubongo usikose damu. Damu iliyopo isipotosha, moyo hukimbia ili kufidia. Kwa hiyo mbio za moyo wako huenda zisiwe ugonjwa wenyewe, na tena zinatupa fununu: mishipa ya fahamu inapokuwa imeharibika, kwa mfano kutokana na kisukari cha miaka mingi au ugonjwa wa Parkinson, presha hushuka lakini mapigo hupanda kidogo tu. Yako yamepanda kwa 40. Ningeanza kutafuta upungufu wa damu au wa maji mwilini kabla ya kitu kingine chochote.

Ndiyo maana hedhi uliyoitaja mwishoni ndiyo iliyonishtua. Omba upimwe damu kamili pamoja na feritini, yaani akiba ya madini ya chuma, kwa kuwa akiba hiyo inaweza kwisha kabla kipimo cha kawaida cha damu hakijaonyesha upungufu. Omba pia kipimo cha ujauzito, cha sukari na cha umeme wa moyo, na umweleze daktari waziwazi kuhusu hedhi, kwani chanzo chake nacho kina tiba. Ile chai isogeze mbali na githeri kwa saa moja au mbili, maana huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe. Chungwa husaidia yafyonzwe.

Mkazi wa Umoja amejibu:

Mwalimu, nakuelewa kabisa. Kwangu damu ilikuwa sawa na presha haikushuka. Ni mapigo tu yaliyokuwa yakipanda kwa zaidi ya 30 ndani ya dakika 10 za kusimama, hali iliyodumu kwa miezi mingi, na mwishowe daktari akaiita POTS. Chanzo chako huenda kikawa kingine, lakini njia za kuishi nayo hufanana.

Asubuhi nakunywa nusu lita ya maji kabla ya kutoka kitandani, kisha nakaa ukingoni nikichezesha vifundo vya miguu mpaka kichwa kitulie. Kwenye foleni ya basi navuka miguu na kubana mapaja na makalio kwa nguvu, na giza likianza kuingia machoni nachuchumaa kana kwamba nafunga kamba za viatu, bila kuona haya. Soksi za kubana zinazofika pajani zilinisaidia kuliko zile fupi. Panaponisumbua mpaka leo ni kwenye matatu, kwa sababu makanga hugonga bati na kukuhimiza ushuke kabla gari halijasimama vizuri. Nimejizoeza kumwambia mapema kwamba nina shida ya kusimama, nami huanza kukaza miguu kituo kimoja kabla ya changu. Bodaboda nimeiacha kabisa, kwa maana anayezirai akiwa juu ya pikipiki hana pa kushikilia.

Kuhusu gwaride, mwombe daktari barua umpelekee mwalimu mkuu ili uruhusiwe kiti. Darasani unaweza kufundisha ukiwa umeketi kwenye kiti kirefu karibu na ubao, na watoto huzoea upesi.

Mfamasia wa Eastlands amejibu:

Naongeza mambo mawili yanayonitia hofu ninapowahudumia watu dukani. La kwanza ni chumvi. Ni kweli kwamba baadhi ya wagonjwa huongezewa chumvi, lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, na mwenye presha ya kupanda, ugonjwa wa figo au wa moyo anaweza kudhurika vibaya. Usiongeze kabla ya kuruhusiwa na daktari. La pili ni propranolol, ambayo watu huja kuiomba ili kutuliza moyo. Dawa hiyo inaweza kuishusha presha yako zaidi, na kwa mwenye pumu ni hatari. Wasomaji wengine wanaopatwa na kizunguzungu hiki wakague dawa zao pamoja na daktari: vidonge vya kukojoza vya presha, tamsulosin ya tezi dume na amitriptyline ya sonona au maumivu ya mishipa ya fahamu zote zinaweza kukileta, ila wasiziache ghafla kwa uamuzi wao.

Mwalimu, ukizirai tena, ukazirai ukiwa katika shughuli nzito au umelala, ukapata maumivu ya kifua au ukaona choo cheusi kama lami, nenda idara ya dharura siku hiyo hiyo. Ni hivyo hivyo ikiwa kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana, na jambo hilo daktari aambiwe hata kama hajauliza.