Jina la kompyuta ya Linux linabadilika kila nikihamia mtandao mwingine

MaabaraChamwino
Habari wakuu. Nina kompyuta 12 za maabara hapa Chamwino, zote Debian 12, nimezinakili kwa Clonezilla kutoka mashine moja. Nikichomeka waya wa ofisini jina linakuwa dhcp-10-0-4-37, nikihamia hotspot ya simu linarudi localhost. Nikitumia sudo napata "unable to resolve host". Nataka kila moja ibaki na jina lake. Naombeni msaada.

FundiKizota
Mkuu, piga `hostnamectl` uangalie Static hostname. Bila shaka ni tupu au ni localhost. NetworkManager (programu inayosimamia mtandao) ikikuta hivyo inahesabu mashine haina jina, inachukua lile linalotumwa na seva ya DHCP (inayogawa anwani za IP) kwenye chaguo namba 12. Lisipokuja, inaiuliza DNS (orodha ya majina ya mtandao) IP hiyo inaitwaje. Ndiyo maana jina lako limebeba namba za IP.

Weka la kudumu:

`sudo hostnamectl set-hostname maabara-07`

Amri hiyo inaandika /etc/hostname tu, /etc/hosts haiigusi, na sudo inakwama hapo. Fungua /etc/hosts uongeze:

`127.0.1.1 maabara-07`

Tumia herufi ndogo, tarakimu na kistari. Alama ya _ achana nayo, itakusumbua kwenye DNS.

Nkuhungu_net
Hiyo inatosha. Ukitaka NetworkManager isiguse jina kabisa, tengeneza /etc/NetworkManager/conf.d/jina.conf:

`[main]`
`hostname-mode=none`

Kisha `sudo systemctl restart NetworkManager`. Usianze na hii kabla ya kuweka jina, utabaki na localhost kila mahali.

Halafu kuna upande wa pili ambao wengi wanausahau: mashine nayo huitajia ruta jina lake inapoomba IP. Kwenye Wi-Fi ya hotelini pale mjini huenda hutaki hilo:

`nmcli connection modify "JinaLaWiFi" ipv4.dhcp-send-hostname no`

MaabaraChamwino
Kweli, Static ni localhost. Sasa kwenye mashine mama nifute nini kabla ya kunakili tena?

FundiKizota
Futa namba ya utambulisho wa mashine: `sudo truncate -s 0 /etc/machine-id`, uzime papo hapo, usiiwashe tena kabla ya kunakili. Kila nakala itajitengenezea namba yake ikiwaka. Ukiiacha, zinazotumia systemd-networkd (badala ya NetworkManager) zitajitambulisha kwa DHCP kama mashine moja na kugombania IP. Funguo za SSH (za kuingia kwenye mashine kwa mbali) nazo zinafanana zote: kwenye kila nakala futa /etc/ssh/ssh_host_* kisha `sudo dpkg-reconfigure openssh-server`.