Naomba ushauri: phpMyEdit imegoma baada ya PHP kupandishwa, nihamie wapi?

Habari zenu wakuu. Niko Mbale, nasimamia kompyuta za sacco ya wakulima wa kahawa, rekodi za wanachama na kilo wanazoleta zote ziko kwenye hifadhidata ya MySQL. Siku zote tunatumia phpMyEdit, ile ya bure, unaielekeza kwenye tebo inakutengenezea faili la PHP (lugha ya programu inayoendesha kurasa kwenye seva) halafu dada wa mizani anafungua brauza anaongeza, anarekebisha, anatafuta jina, basi kazi imeisha. Ninachoipendea ni ule mstari wa options, naweka ACVF (A kuongeza, C kurekebisha, V kutazama, F kutafuta) naiacha D ya kufuta nje, hapo kitufe cha kufuta hakitokei kabisa, na kwetu hilo ni kubwa maana kilo ndiyo hela ya mtu.

Sasa wenye seva wamepandisha PHP hadi 8 na kila ukurasa unalalamika mysql_connect, ile amri ya kuunganisha PHP na MySQL, haipo. Najua zile amri zinazoanza na mysql_ ziliondolewa tangu PHP 7.0 mwaka 2015, na toleo letu ni la zamani.

Je, nibadilishe kodi yote iende mysqli, yaani zile amri mpya zilizochukua nafasi yake, au nihamie Adminer Editor, programu nyingine ya kuhariri data kwenye brauza? Adminer ni faili moja tu, nyepesi, inafaa kwa bando zetu hizi, na Editor imetengenezwa kwa watumiaji wa kawaida. Kufuta nafikiria nizuie hukohuko MySQL, yuza wa mizani apewe ruhusa za SELECT (kusoma), INSERT (kuongeza) na UPDATE (kurekebisha) peke yake. Waliowahi kufanya hivyo, inatosha? Msimu wa kuvuna unakaribia jamani, nisaidieni.